Swala wa Mtanda

Alishuka bandarini Lindi mwaka wa hamsini na tisa,
akining'inia kwenye winchi, miguu minne hewani,
gari la Bwana Stavro wa mashamba ya mkonge.
Shevroleti Impala, kijani cha dafu,
mabawa mawili mgongoni yamelazwa
kama ya popo aliyeshiba,
na taa za nyuma macho ya paka.
Makuli walisoma ubavuni herufi moja moja
na hakuna aliyejua kuwa huyu ni swala pala,
mnyama wa huku huku
aliyekwenda Amerika jina tupu
akarudi amevaa nikeli.

Baba alimnunua kwa bei ya kutupa
Stavro alipofunga masanduku.
Usukani kushoto, na barabara yetu tunapita kushoto:
dereva akawa jirani wa mtaro,
lori la mbele likamfunika macho.
Basi mama, Somoe binti Mchopa,
akawa jicho la kulia.
Shingo nje ya dirisha, mtandio unapigana na upepo:
"Bado," alisema. "Bado. Bado...
haya, pita!"
Nyumba yetu ikaendeshwa hivyo hivyo.
Ugali, bado.
Posa ya dada, bado, bado,
haya, pita.

Kisha mwaka wa korosho nyingi
magunia yakakataa kukaa kwenye viti vya ngozi.
Baba akaazima msumeno wa chuma.
Siku tatu Mtanda nzima iliuma meno.
Akakata paa. Akakata mabawa.
Akapigilia mbao za mninga nyuma,
na swala akawa punda wa Mingoyo.
Nilikuwa na miaka tisa. Nililia
nikaficha uso kwenye tairi la akiba.

Vita vya Kagera vilimnyima petroli,
na Jumapili mchana gari lilikuwa haramu.
Injini, mitungi minane, ilinyofolewa
ikaenda Mtama kusaga mahindi.
Wanawake wa kule walisema unga wake
ulinuka safari.

Juzi mpwa wangu Shamte alinifunulia simu:
picha za Impala, mwaka baada ya mwaka.
Nikamwambia, taratibu, usipeperushe.
Mabawa yakafupishwa, yakafutwa.
Kiuno kikanyooka. Taa zikawa duara, zikawa mstari,
zikawa si kitu cha kukumbukwa.
Kona zote zikalambwa
mpaka yule wa mwisho, laini, mviringo,
kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.
Baada yake hakuna picha.
Nilicheka mpaka Shamte akaogopa.
Miaka yote hii nauonea haya msumeno wa baba,
kumbe mzee alikuwa akienda na fasheni!
Kule walikata kwa penseli, wamevaa tai,
yeye alikata kwa jasho, kifua wazi,
na wa kwake angalau alibeba korosho.

Mimi siku hizi nanyoosha bodi za Noah na IST,
bati jembamba kama kopo la biskuti;
ukilipiga nyundo linasema ndiyo kabla hujamaliza.
Bati la Swala lilikuwa linabishana.
Bawa moja ni paa la banda la kuku,
mvua ikinyesha linaimba peke yake.
Jicho la paka mama hutilia sukari.
Bawa la pili sijui. Labda Baba alizikwa akijua.

Wiki iliyopita kaja kijana kutoka Dar, viatu vyeupe,
anatafuta nembo: yule swala mdogo anayeruka
aliyepigiliwa juu ya mlango wetu.
Kuna tajiri, anasema, anaunganisha gari lote upya,
kila skrubu ya mwaka ule ule.
Akataja laki nane. Akapandisha, milioni.
Paa la banda letu linavuja, sitasema uongo,
mkono wangu ulikwisha kugusa bisibisi.

Ndipo kutoka chumba cha ndani,
ambako mama haoni tena hata mlango ulipo,
shingo ikanyooka kuelekea kulia:

"Bado."